Chanjo ya Mtoto wa Watu

Mwaka ule nilikuwa na mimba ya kwanza, na mimba ile ilikuwa ya usingizi. Wenzangu wakipata mimba hutamani udongo na maembe mabichi. Mimi nilitamani mkeka. Nilisinzia nikichambua pamba, nilisinzia nikisonga ugali, na Jumapili moja nilisinzia kanisani nimesimama, hadi katekista akaja kuniuliza kama nasali au ninaumwa. Kwa hiyo mengi ninayoyasimulia hapa niliyaona nusu kwa macho na nusu kwa ndoto, na mpaka wake uko wapi sijui hata leo. Ila yale yaliyouma niliyaona nikiwa macho kabisa.

Nilikuwa nimeolewa na Jilala, huku upande wa Lagangabilili, katika kijiji kipya cha ujamaa. Zamani kila mji ulikaa peke yake na shamba lake na zizi lake, na kwenda kuomba moto kwa jirani ilikuwa safari ya kuaga. Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini, tukapangwa mistari kama watoto wa shule, mlango ukitazama mlango. Ukikohoa ndani kwako, nyumba ya tatu wanakupa pole. Wengine walipenda, maana maji na shule vilisogea. Mama mkwe wangu, Nyanjige, ambaye sote tulimwita mayu, yaani mama, hakupenda hata kidogo. Alisema hata kuku wake hawajui tena kwao ni wapi.

Mayu alikuwa mrefu, mkimya, na mwaminifu mpaka anakera. Ukimwazima chungu, alikirudisha kimesuguliwa kuliko ulivyompa, ukabaki unaona haya na masizi yako. Mimi nilimpenda na kumwogopa kwa kiasi kilekile.

Ndani ya nyumba hiyo tulikuwa na mtoto wa watu. Aliitwa Sayi, binti wa Mashimba, na Mashimba alikuwa mtoto wa marehemu dada yake mayu. Mke wa Mashimba alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Siku moja asubuhi Mashimba akaingia uani, mkono mmoja kabeba kichanga, mkono wa pili kashika kamba ya ng'ombe wa maziwa. "Mayu, nishikie," ndivyo alivyosema, basi. Akala, akalala, akaondoka kuelekea Geita kutafuta mahali pa kulima na kulisha, kama vijana wengi wa wakati ule. Sayi akaota meno, akatambaa, akasimama, akatembea, na Mashimba hajaonekana.

Sasa ili mtu aelewe kilichotokea, inabidi ajue jambo moja la kwetu Usukuma linaloitwa kubilisa. Mwenye ng'ombe wengi hawarundiki wote katika zizi moja. Wengine huwapeleka kwa rafiki na ndugu wakafugwe huko, ili ugonjwa ukiingia kwake asibaki mikono mitupu. Anayewafuga hunywa maziwa na hutumia samadi, lakini ng'ombe si wake. Hamuuzi, hamchinji, hamtii alama yoyote. Ng'ombe akifa, mfugaji humpelekea mwenyewe ngozi, aione kwa macho yake, asije akadhani ameibiwa. Mayu alikua ndani ya sheria hiyo. Kichwani mwake, Mashimba alikuwa amekabidhi vitu viwili kwa kamba moja, ng'ombe na mtoto, na vyote viwili angevidai siku moja vikiwa kama alivyoviacha.

Basi Sayi akaishi kwetu kwa heshima zote za mgeni. Maziwa ya kwanza yalikuwa yake. Maji yake ya kuoga yalipashwa moto hata jua likiwa linachoma. Wapita njia wakiuliza, "Mjukuu hajambo?" mayu alijibu, "Mtoto wa Mashimba hajambo." Mtoto mwenyewe hakuwa na habari ya mambo hayo. Alimfuata mayu kutwa nzima, amemshika nguo, kutoka jikoni hadi zizini na kutoka zizini hadi jikoni.

Wakati wa kuuza pamba ndipo walipokuja watu wa chanjo. Walishukia kwenye banda la kununulia pamba, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli na mzani, na watoto wetu wakaanza kuning'inizwa kwenye mzani uleule uliokuwa umepima pamba wiki nzima. Mkuu wao alikuwa nesi mmoja wa Bariadi, Maftaha, mzaliwa wa Tanga, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kisukuma hakukijua. Mimi nilikuwa nimesoma kwa masista hadi darasa la nne, kwa hiyo wakanisukuma mbele nitafsiri, na tumbo langu na usingizi wangu.

"Surua inaletwa na kitu kinaitwa kirusi," alisema Maftaha. "Ni kidogo kiasi kwamba darubini yetu ya pale Bariadi haikioni. Hakina mdomo, hakina tumbo. Kikikaa chenyewe hakiwezi hata kuzaa. Lakini mtoto mgonjwa akikohoa, kinaingia kwa mwenzake, kinashika vyumba vidogo vidogo ambavyo mwili umejengwa navyo, na kila chumba kinalazimishwa kuacha kazi yake na kutengeneza virusi vingine. Kikijaa kinapasuka, na vilivyomo vinakwenda kushika vyumba vya jirani."

Nikatafsiri. Akina mama wakatazama mstari wa nyumba zetu, mlango na mlango, na wala sikuhitaji kuongeza neno.

"Mwili una walinzi," akaendelea. "Tatizo ni kwamba mgeni huyu hawamjui. Mpaka waje wamfahamu, ameshaharibu mapafu, ameshaharibu macho. Chanjo ni kirusi hichohicho, ila kimedhoofishwa. Kinaingia, nguvu ya kuumiza hakina, walinzi wanakikamata, wanakitazama sura, wanaikariri. Siku akija yule mwenye nguvu, anajulikana toka mlangoni."

Mayu alikuwa amesimama nyuma na Sayi mgongoni. Akauliza kwa Kisukuma, "Ni kama ile ya sotoka?"

Nikauliza. Maftaha akacheka kwa furaha. "Ndiyo, mama! Kama ile ya ng'ombe. Hata vidudu vyenyewe, surua na sotoka, ni ndugu."

Mayu akatikisa kichwa kukubali. Sotoka aliijua. Akiwa msichana aliona zizi zima la baba yake likilala chini, na tangu bwana mifugo alete sindano, ng'ombe wake wote walichomwa na kutobolewa masikio kuonyesha kwamba wamechanjwa. Kwa kweli mayu aliamini chanjo kuliko alivyoamini mahubiri. Hapo mimi usingizi ukanichukua kidogo, nimeegemea nguzo ya banda, nikaona ndani ya tumbo langu vijana wamekaa na fimbo zao kuzunguka moto, wanapokezana kitu kidogo kama mbegu ya pamba, kila mmoja anakigeuza na kukitazama vizuri kabla ya kumpa mwenzake.

Nilipofumbua macho, mstari ulikuwa umesogea na mayu alikuwa anarudi nyumbani. Sayi bado mgongoni, hajachomwa. Nikamkimbilia, kama kutembea kwa bata kunaweza kuitwa kukimbia.

"Mayu, mbona unaondoka?"

"Nimesikia. Ni dawa nzuri."

"Sasa?"

"Sasa huyu si wangu. Ng'ombe wa mtu hutoboi sikio mwenyewe hajui, itakuwa mtoto?" Akaligusa kovu la ndui begani kwangu, lile tulilochanjwa shuleni. "Mashimba akirudi akamkuta na hili, nitamwambia nini? Kwamba nilimwona amekawia nikaamua mwenyewe?"

Nikarudi bandani nikihema. Nikamweleza Maftaha, naye akanitolea macho, kisha akasema chanjo ya surua haiachi kovu kama ile ya ndui, baba mtu hataona chochote. Nikarudi tena kwa mayu mbio, nimefurahi, nikijua nimeshinda.

"Haionekani?" akasema mayu. "Basi ndiyo mbaya zaidi. Kumfanyia mtoto wa watu jambo la kificho."

Nilitamani kupiga kelele. Kuna watu huwezi kuwashinda kwa sababu kosa lao limetengenezwa kwa wema mtupu, huna pa kulishikia. Gari la chanjo likaondoka alasiri, likaacha vumbi jeusi la mbugani likielea juu ya njia kwa muda mrefu, na watoto wa kijiji wakiwa na mikono iliyowauma. Wa kwetu hakuumwa popote.

Mayu hakukaa bure, nisimsingizie. Alimwita Uledi, mwenye duka wa Bariadi aliyekuwa akizunguka vijijini na chumvi na vitambaa, na ambaye biashara ilimfikisha hadi Geita. Akampa maneno ya kumpelekea Mashimba: mtoto wako anatakiwa kuchanjwa surua, sema ndiyo au hapana. Akampa na kuku wa njiani. Tukangoja. Nilimwota Mashimba siku zile, mchana, nikiwa nimelala chini ya dari la ghala. Alikuwa anatembea mbele yangu katika shamba la pamba iliyopasuka, nyeupe hadi mwisho wa macho. Nilimwita, akasimama, na nilipomkaribia nikaona yuko mbali vilevile, mgongo tu.

Uledi aliporudi alivua kofia yake kabla ya kusema. "Mhola, mayu," akaanza na salamu ya Kisukuma chake cha dukani, kisha akaingia kwenye Kiswahili. "Yule bwana nimemwulizia sana. Pale alipokuwa hayupo. Wanasema amesogea mbele, upande wa Biharamulo, wengine wanasema ni Kahama. Hakuna anayejua."

"Wabeja," mayu akamshukuru. Kisha akanigeukia. "Tutangoja."

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Novatus na mkewe. Siku ya chanjo mke wa Novatus alikuwa kwao, kuwasaidia wazazi kuvuna, na mtoto wao Selestini alikuwa naye. Walirudi jioni moja, mtoto ana mafua na macho mekundu, wakasema ni vumbi la njiani. Selestini na Sayi walikuwa rika moja na walipendana. Kesho yake asubuhi wakakaa kwenye kizingiti chetu wakala uji katika bakuli moja, wakinyang'anyana kijiko, kamasi za yule zikiingia humohumo. Niliwaona. Nilidhani ni picha nzuri.

Asubuhi iliyofuata mke wa Novatus akaniita nikamwangalie mtoto. Vipele vilikuwa vimeanza nyuma ya masikio na vinashuka usoni. Alikuwa anachemka, na mwanga wa mlangoni ulimuumiza macho hata akaficha uso kifuani kwa mama yake. Usingizi wangu wote wa miezi sita ukanitoka hapohapo.

Nikavuka njia kurudi kwetu. Mayu alikuwa amesimama mlangoni, amekwisha kuelewa. Jilala naye alikuwepo, akifunga kamba ya jembe ambayo haikuwa imefunguka. Mume wangu alikuwa mtu mzuri, lakini mbele ya mama yake alikuwa na umri wa miaka saba.

"Wamekula pamoja jana," nikasema.

"Nimewaona," akasema mayu.

"Lori la pamba linakwenda Bariadi leo. Nesi alisema mtoto akiwahi kuchanjwa mara tu baada ya kukutana na mgonjwa, chanjo inaweza kutangulia."

Mayu akamgeukia mtoto. Nilimwona anavyoumia, na hilo lazima niliseme. Hakuwa mgumu wa moyo. Alikuwa anamtazama Sayi, aliyekuwa amechuchumaa akimlisha kuku kiganja cha mchanga. "Ningejua tu anasema nini Mashimba," akasema. "Neno moja tu."

Hapo hasira zangu zikanipanda. Mkwe hazungumzi na mama mkwe hivyo, najua, na nilijua hata wakati ninafumbua mdomo. "Mayu," nikasema, "Mashimba akija, utampelekea ngozi?"

Jilala akaangusha jembe. Mayu akainama akaingia ndani. Nikajua leo ninarudishwa kwetu na mimba yangu. Nilisimama uani nikisikia kuku, nikisikia mtoto wa jirani anakohoa kikohozi kile kikavu, na jua limesimama juu ya kijiji kizima bila kusogea.

Alipotoka alikuwa amevaa khanga zake za kanisani. Akamchukua Sayi, akamfunga mgongoni, akakaza fundo. "Hilo lori linaondoka saa ngapi?"

Tulipanda juu ya pamba. Turubai lilikuwa limefungwa nusu, sisi tukakaa kwenye nusu iliyobaki wazi, tukazama hadi kiunoni. Nilijaribu kukaa macho kwa ajili ya heshima ya safari, lakini pamba ilikuwa na joto la jua, na lori lilikuwa linayumba polepole kwenye njia ya mbuga iliyopasuka, na harufu ya mbegu ilikuwa kila mahali. Nikalala. Niliona barabara haipo, tunaelea tu, na pembeni yetu wanatembea ng'ombe wote waliokufa kwa sotoka, weupe, wanene, wenye masikio mazima, wanakula pamba taratibu kutoka kwenye lori letu bila kutuhofia. Mayu alikuwa anawaita mmoja mmoja kwa majina. Nilipozinduka alikuwa kweli anaongea, kwa sauti ya chini, ila alikuwa anaongea na Mashimba. Anamweleza. Anamwomba asimfikirie vibaya. Sayi alikuwa amelala mapajani pake na unyuzi wa pamba umenasa kwenye nyusi.

Bariadi ya wakati ule ilikuwa ndogo: maduka, kiwanda cha pamba kinachonguruma, na kituo cha afya chenye bati jekundu. Maftaha alikuwa anaosha mabomba ya sindano kwa maji ya moto. Akanikumbuka mara moja.

"Kliniki ya chanjo ni Alhamisi," akasema. "Leo siwezi. Kichupa kimoja ni cha watoto kumi. Nikikichanganya sasa kwa mtoto mmoja, jioni kimeshaharibika."

"Surua imetoka kijijini," nikamwambia. "Jana amekula na mgonjwa."

Akaacha alichokuwa anafanya. Akafuta mikono. Akamtazama mayu, ambaye alikuwa amesimama nje ya mlango na hataki kuvuka kizingiti. "Ngoja kwanza. Huyu si yule mliyeniambia ni mtoto wa watu? Baba yake ameruhusu? Sitaki kesho mtu anijie hapa na rungu. Mwenyewe ni nani?"

Nikafungua mdomo nianze kueleza, Geita, Biharamulo, Uledi, kuku. Mayu hakuningoja nitafsiri. Kiswahili alikuwa anakisikia, ila kukisema alikuwa anaona aibu. Miaka yote nilikuwa sijamsikia akikisema mbele ya mgeni.

"Wangu," akasema kwa nguvu. "Mtoto wangu. Choma."

Akavuka kizingiti. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeiba mchana kweupe na anajua anaonekana. Mimi machozi yalinitoka na sikujaribu kuyazuia.

Maftaha hakuuliza tena. Akafungua jokofu la mafuta ya taa, moshi wa baridi ukatambaa chini hadi miguuni kwetu, na kwa jinsi joto lilivyokuwa siku ile nilitamani niingie humo nijikunje kati ya vichupa. Akachanganya dawa. Akasafisha mkono wa Sayi. Mtoto akatazama sindano kwa hamu, akidhani anapewa, kisha akatoa kilio kimoja cha kushangaa kuliko cha maumivu. Kwisha.

"Sikiliza, mama," Maftaha akasema, na safari hii nilitafsiri neno kwa neno. "Kirusi cha kule kijijini, kama kilimwingia, kilimwingia jana. Kinahitaji siku nyingi kujipanga. Hiki changu ni chepesi zaidi, kinaweza kuwahi kuwafundisha walinzi. Kinaweza, kuahidi siwezi. Na baada ya kama wiki moja mtoto anaweza kupata homa na vipele vichache. Hiyo itakuwa ya chanjo, msiogope. Akikohoa sana, macho yakawa mekundu, akakataa kula, mleteni mbio."

Kisha akajaza barafu kwenye sanduku lake, akaweka dawa iliyobaki, akapanda nasi lori lililokuwa linarudi tupu. Watoto waliokuwa wamekosa mara ya kwanza, wa kusafiri na wale waliokuwa bado wachanga, wakachanjwa jioni ileile. Maftaha akampa Selestini vidonge na matone ya macho, akakaa naye sana.

Selestini alifariki wiki ile. Surua ilimshukia kifuani. Tulimzika asubuhi, Novatus akibeba sanduku mwenyewe kwa sababu lilikuwa dogo la kubebwa na mtu mmoja. Sina namna ya kulipamba hilo. Nilishika tumbo langu kaburini, nikaona haya kwamba lina mtoto.

Na tulipokuwa bado tunapika chakula cha msiba, Sayi akapata homa.

Mayu ndiye aliyeigundua, kwa mgongo, akiwa amembeba. Akamteremsha, akamshika paji la uso, akakaa chini palepale jikoni. Nikamkumbusha maneno ya nesi. Akayakumbuka yote, alinirudishia moja baada ya jingine bila kukosea. Lakini kuyajua maneno na kuukuta mwili wa mtoto unachemka ni vitu viwili.

"Nilisema ni wangu," akaniambia. "Nilimwiba mbele ya watu, nikasema uongo kwa mdomo wangu. Angalia sasa."

"Hajakohoa, mayu. Macho meupe."

"Selestini naye alianza hivi."

Kesho yake vipele vikatoka, vichache, kifuani. Mayu aliacha kula. Hakwenda zizini, hakusalimia watu, alikaa amempakata mtoto mlangoni penye mwanga ili aweze kumwangalia macho, na kila baada ya muda alimfunua kope kwa kidole. Mimi usingizi ulinirudia katika siku zile, mzito, nikiwa nimekaa ubavuni mwao. Niliwaona wale vijana wenye fimbo wamesimama mlango wa nyumba yetu, mstari mmoja, nao hawakunitazama. Wameelekeza nyuso njiani, kwenye mlango wa Novatus, wanangoja kitu ambacho sura yake wanaijua. Nilitaka kuwauliza kama wanatosha, nikashindwa kupata sauti. Nilipoamka Sayi alikuwa anakunywa maziwa. Alimaliza kikombe akanyoosha mkono apewe kingine, na macho yake yalikuwa meupe pee.

Homa ikaondoka kama ilivyokuja. Vipele vikafifia. Mayu hakuamini, akaendelea kumfunua kope siku nzima ya pili, hadi mtoto akawa anamkimbia.

Asubuhi moja baada ya hapo mayu alikuwa uani anasuka maziwa kwenye kibuyu. Mke wa Novatus alikuwa mlangoni kwake, ng'ambo ya njia, amekaa na jembe miguuni, haendi shamba na hafanyi kitu. Ndivyo alivyokuwa akikaa siku zote. Mayu akainuka kidogo kwenda kufukuza mbuzi, na Sayi, aliyekuwa amepona sasa na ana nguvu za siku zote alizolala, akakishika kile kibuyu cha maziwa, akakikumbatia, akakivuta. Kibuyu kikaanguka, kikapasuka. Maziwa ya siku tatu yakatapakaa uani, na kuku wakaja mbio.

"We mtoto!" Mayu alipiga ukelele ambao ng'ombe walisikia. "Mkorofi wewe! Huna macho? Umeona ulichofanya?" Akamkamata, akamchapa kofi la matakoni.

Tangu Mashimba alipomweka uani kwetu, hakuna aliyewahi kumfokea Sayi. Mtoto wa watu hafokewi. Akasimama ameduwaa, miguu imelowa maziwa, akimtazama mayu kama anayemwona kwa mara ya kwanza, halafu akaangua kilio cha moyo wake wote.

"Mwache, mayu," ikasikika sauti dhaifu kutoka ng'ambo. Ilikuwa ya mke wa Novatus, na yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu mazishi. "Ni maziwa tu."

"Usinifundishe kumlea mwanangu!" mayu akamjibu kwa Kisukuma, bado amewaka, hajafikiri.

Kisha akasikia alichosema, na aliyemwambia. Akaweka mkono mdomoni. Sayi, bado analia, sasa alikuwa amerudi kwa huyohuyo aliyemchapa, amemkumbatia mguu, anamfutia kamasi kwenye khanga. Mayu alimtazama mwanamke wa ng'ambo na machozi yakamtiririka, nami sikujua pa kuangalia.

Mke wa Novatus akainuka. Akavuka njia polepole, akaingia uani kwetu, akachuchumaa penye maziwa. Akaanza kuokota vipande vya kibuyu, kimoja kimoja, asije mtoto akakanyaga.